Safari Isiyo na Msiba

Mtu akitaka kuzungumza na Pantaleo ilimbidi kwanza amguse mkono. Akishageuka na kumtazama mdomoni, ndipo aseme, tena aseme kwa nguvu. Watu wa kambi ya wafanyakazi hawakuona ajabu, kwa sababu kila aliyefanya kazi kinuni aliishia hivyo mapema au baadaye. Kinu chenyewe kilikuwa jumba refu la mabati katika mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita. Ndani yake michi ya chuma, kila mmoja mzito kama fahali, ilipanda na kushuka juu ya mawe bila kupumzika. Pantaleo alikuwa amesimama chini ya michi hiyo tangu mwaka 1938.

Siku moja ya mwezi wa sita, mwaka 1952, karani wa mgodi alimwita ofisini. Karani huyo, Theonest, alikuwa Mhaya mwenye mwandiko mzuri na miwani ya waya. Alimgusa mkono, akasema, "Pantaleo, una livu ya siku ishirini na moja. Usipoichukua mwaka huu inapotea."

"Niende wapi?"

"Mimi nitajuaje? Nenda kwenu."

Pantaleo alicheka kidogo. Kwao ni vijijini Shinyanga, na livu zake mbili za nyuma alizitumia huko. Ya kwanza alimzika baba yake. Ya pili alipalilia pamba ya kaka zake, akarudi kazini amechoka kuliko alivyoondoka. Safari hii, wakati Theonest anachovya kalamu, Pantaleo alikumbuka maneno ya dresa wa zahanati ya kambi, aliyemtazama masikioni kwa tochi miezi miwili iliyopita: "Masikio yako hayana usaha. Yamechoka tu. Ungepata mahali pakimya ukakaa siku kadhaa, yangeshukuru."

"Andika ninakwenda ziwani," Pantaleo akasema.

"Ziwani kwa nani?"

"Andika ziwani tu. Nakwenda kupumzika."

Theonest aliinua macho, kisha akaandika.

Mkewe, Melania, alikuwa anapeta mpunga nje ya nyumba Pantaleo alipomletea habari. Yeye alikuwa Mzinza, mzaliwa wa kijiji cha wavuvi kilichoitwa Nyakasenyi. Walikutana misheni, wakafunga ndoa mwaka uleule Pantaleo alipoanza kazi kinuni, na Mungu akawapa mtoto mmoja, Justa, ambaye sasa alikuwa bweni kwa masista. Kwa miaka yote hiyo Pantaleo alikuwa akisikia habari za Nyakasenyi. Yeye amekulia nchi ambako maji huchimbwa kwenye mchanga wa mto mkavu, na mtu huyanywa akishukuru. Hivyo habari za kijiji ambacho kuku hunywa maji ya ziwa hatua kumi kutoka mlangoni alizisikiliza kama mtoto anavyosikiliza hadithi. Masikio yalipoanza kufifia, alimwomba mkewe azirudie kwa sauti kubwa zaidi.

"Tutakwenda kwenu," akasema.

Ungo ulisimama mikononi mwa Melania. "Kwetu kuna nini?"

"Si kuna nini. Tunakwenda kukaa. Siku ishirini na moja, hatulimi, hatuziki, hatuozeshi. Tunakaa."

Melania alirudi kupeta. Baadaye, wakati wa kula, alianza mwenyewe. Alisema wasiende moja kwa moja Nyakasenyi. Waanzie kijiji cha karibu na gati, wanakokausha samaki, wakae huko siku za kutosha kuzoea, ndipo wasogee kwa mtumbwi. Wachukue unga wa mtama, maana wavuvi wana samaki lakini unga hawana. Wachukue chumvi ya kutosha, na kitenge cha zawadi. Pantaleo, mtu aliyezoea kuamshwa na king'ora cha mgodi, akauliza kwa makini, "Sasa tukifika, asubuhi tutaamka saa ngapi?"

"Tutaamka tukiamka."

"Halafu?"

"Halafu tutakaa, Baba Justa. Si umesema mwenyewe?"

Pantaleo aliwaza jambo hilo hadi ugali ukapoa.

Kambini, mtu hakusafiri bila sababu. Ngassa, aliyefanya kazi na Pantaleo kinuni na kukaa nyumba ya pili yake, alikuwa wa kwanza kuja kuuliza.

"Nani amefariki?"

"Hakuna."

"Kuna harusi?"

"Hakuna."

"Basi unaumwa, unakwenda kwa mganga. Sema tu, mimi si mtu wa maneno."

"Ninakwenda kupumzika, Ngassa."

"Gete? Kweli?" Ngassa akatikisa kichwa. "Mtu mzima, mwenye nguvu zake, anapanda lori na mkewe kwenda kukaa tu, bila msiba wala harusi?"

Kesho yake kambi nzima ilikuwa na habari, na kila mtu aliifasiri alivyotaka. Wengine walisema Pantaleo amerogwa masikio na anatafuta dawa za Wazinza. Wengine walisema, kwa sauti ya chini ingawa yeye asingewasikia hata kama wangesema kawaida, kwamba mtu wa kinuni haendi ziwani bure; lazima kuna dhahabu imefichwa ndani ya unga. Melania aliyasikia yote. Lakini hayo hayakumsumbua kama jambo lingine, ambalo lilimnyima usingizi kadiri siku ya safari ilivyosogea.

Siku nne kabla ya kuondoka alimwambia mumewe, "Twende shambani kwenye karanga."

"Karanga zimeshang'olewa."

"Twende tu."

Shamba lao lilikuwa mbali na nyumba, nyuma ya kilima kidogo. Melania alitembea mbele. Walipofika katikati aligeuka, akamshika mumewe mikono yote miwili. Lilikuwa neno la kunong'onezwa, neno ambalo wanawake wengine huwaambia waume zao wakiwa wamelala. Yeye ilimbidi alipige kelele.

"Nyakasenyi haipo!"

"Nini?"

"Haipo! Serikali ilituhamisha kwa ajili ya malale! Nilikuwa na miaka kumi na mitatu! Walisema mbung'o wamejaa pwani yote, tukapelekwa bara, kila nyumba! Nyumba zetu zilichomwa moto tukiziona!"

Pantaleo alitazama midomo yake. Mtu aliyekuwa akichunga ng'ombe upande wa pili wa bonde alisimama kuwaangalia, akidhani wanagombana.

"Baba aligoma kuondoka, wakambeba! Alikaa bara mwaka mmoja, akafa! Si malale yaliyomuua! Alikuwa anakaa tu, ameelekeza uso upande wa ziwa ambalo halioni! Ndipo shangazi akanipeleka misheni!"

Akahema. Kisha akamalizia, na safari hii sauti ilikuwa ndogo hata Pantaleo ikambidi asome midomo tu: "Yote niliyokusimulia ni ya zamani. Sijui kama kuna hata jiwe. Nimekudanganya."

Pantaleo alikaa chini juu ya tuta. Alikuwa amesikia habari za kuhamishwa kwa watu, nani asiyezisikia? Lakini hakuwahi kuziunganisha na kuku wale wanaokunywa maji ziwani. Akahesabu moyoni ni mara ngapi alimwomba mkewe arudie ile habari ya wanawake wanaoosha masufuria huku wakiimba, na jinsi alivyorudia bila kulalamika. Alijiona mjinga, halafu akaona kwamba si mambo ya ujinga wala uwongo. Mkewe alikuwa na mahali pamoja tu pa kuweka kijiji chake, napo ni kwenye masikio ya mumewe, na masikio yale yalikuwa yanaziba.

"Unataka kwenda, au hutaki?" akamwuliza.

Melania akajibu, "Nataka. Naogopa, lakini nataka."

"Basi tutakwenda kuona."

Asubuhi ya safari walipofika kwenye geti la kambi, mlinzi aliwasimamisha. Maneno ya kambini yalikuwa yamefika hata kwake. Alifungua mabunda yao, akakung'uta kitenge, akapapasa pindo za gauni la Melania lililokunjwa, kisha akaagiza chekeche na kuchekecha unga wote wa mtama mbele ya watu waliokuwa wanasubiri lori. Unga mwingine uliangukia mavumbini. Ngassa alikuwepo, akaangalia pembeni. Mlinzi hakupata kitu.

Miaka kumi na minne Pantaleo hakuwahi kuchukua hata punje ya dhahabu. Alimgeukia mkewe, akasema kwa ile sauti yake kubwa isiyojua kujificha, "Turudi nyumbani. Nimeshapumzika."

Melania alikuwa amepiga magoti, anauzoa unga uliobaki safi na kuurudisha mfukoni. Hakusimama mpaka alipomaliza. Kisha akamgusa mkono. "Amenisaidia kazi," akasema. "Unga huu sasa hauna hata pumba moja. Panda lori."

Watu wawili watatu walicheka, na mlinzi mwenyewe akakosa pa kutazama. Pantaleo akapanda.

Lori la mfanyabiashara wa pamba liliwashusha karibu na gati alasiri. Kijiji cha kwanza kilikuwa safari ya saa moja kwa miguu kufuata ufuko: nyumba kama ishirini, vichanja vya kukaushia samaki, na harufu ya moshi. Mjane mmoja aitwaye Serafina, mtu mnene mwenye macho mekundu kwa moshi, aliwapokea. Alipokwisha kupokea shikamoo za Melania na kuuliza habari za walikotoka, akauliza wamekuja kufanya nini.

"Kupumzika," Melania akasema, akijiandaa kueleza.

"Kupumzika," Serafina akarudia, kama anayelionja neno. "Mna bahati. Mimi kichanja hiki sijakiacha tangu mume wangu afe. Kaeni kwenye nyumba ile, ilikuwa ya mwanangu."

Asubuhi yake Pantaleo aliamka bila king'ora. Hakukuwa na mchi, hakukuwa na mtu anayepiga kelele kwa mwenzake. Alitoka akasimama nyuma ya nyumba, kwenye migomba, akangoja ule ukimya uliomleta. Badala yake ukaja mlio. Ulikuwa mwembamba na mkali, kama nyenje elfu moja ndani ya kichwa chake, na kadiri alivyosikiliza ndivyo ulivyozidi. Aliziba masikio kwa viganja. Mlio haukupungua, maana haukutoka nje.

Melania alimkuta amekaa chini, ameshika kichwa.

"Kinuni sikuwa nikiusikia mlio huu," akamwambia, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeogopa kweli. "Mama Justa, kuna kitu kinalia humu ndani. Kelele za kinu zilikuwa zinakifunika. Nitakuwa mwendawazimu nikikaa hapa. Heri nirudi nikasimame chini ya michi."

Siku hiyo na iliyofuata zilikuwa mbaya. Hakula vizuri, akamjibu mkewe kwa ukali, akauliza mara tatu lori linarudi lini. Melania naye alianza kujuta. Walipanga kwa wiki nzima, kwa mtama na chumvi na kitenge, wasijue kwamba kelele walizozikimbia wangezibeba ndani ya kichwa cha mmoja wao mpaka huku.

Aliyewaokoa ni Serafina, tena bila kukusudia. Siku ya tatu alikuwa na samaki wengi, ningu na furu, na mikono yake haikutosha. Akamwita Pantaleo aje majini kumsaidia kuwaosha. Pantaleo aliingia mpaka magotini, akainama na kikapu chake. Upepo ulikuwa umeanza, na mawimbi madogo yalikuwa yanapiga mawe, yanarudi, yanapiga tena. Alifanya kazi kwa muda, kisha akainuka polepole. Akageuza kichwa upande mmoja, akageuza upande wa pili.

"Vipi?" Melania akamwuliza kwa ishara.

"Umezama," akasema. "Ule mlio. Upo, lakini umezama chini ya maji."

Alipanda mbali na ufuko hatua ishirini, mlio ukamrudia. Akashuka, ukazama. Alirudia kupanda na kushuka mara kadhaa, mtu mzima wa miaka arobaini, na watoto wa kijiji wakaanza kumwiga. Hakujali. Aliomba ruhusa ya kuhamisha mkeka, akaushusha mpaka karibu na maji, na kuanzia siku hiyo hakuonekana mahali pengine ila pale. Ndipo alipoanza kukaa hasa. Aliangalia ndege wanyakuzi wa samaki angani, aliangalia nyavu zikishonwa, alilala mchana. Siku moja alimwambia mkewe kwamba amefikiri jambo refu, mwanzo mpaka mwisho, bila kukatizwa. Na hajui mara ya mwisho alifanya hivyo lini. Melania alipomwuliza ni jambo gani, alisema amelisahau, lakini lilikuwa zuri.

Walikaa hapo siku tisa. Ya kumi, shemeji yake Serafina aliyeitwa Thobias aliwapakia kwenye mtumbwi wake kuwapeleka Nyakasenyi. Alisema watu wameruhusiwa kurudi pwani hiyo kama miaka miwili hivi, na kuna moshi unaoonekana huko, ila hajui ni wa nani. Melania alikaa mbele ya mtumbwi.

Ghuba ilipofunguka, alijua. Vilima vilikuwa vilevile. Chini yake, mahali palipokuwa na kijiji chake cha nyumba sitini, palikuwa na kichaka, na pembeni ya kichaka nyumba sita za nyasi mpya. Mwanamke mmoja kijana alikuja kwenye maji kuwapokea. Kiswahili chake kilikuwa cha upande wa Musoma. Aliitwa Ghati, yeye na mumewe na ndugu wa mumewe walikuwa wamevuka ziwa kutafuta samaki.

"Karibuni, wageni," Ghati akasema, akimshika Melania mkono asiteleze. "Angalia mawe hapa, mama, yana utelezi. Wewe hujayazoea."

Melania alisimama ndani ya maji. Miguu yake ilikuwa imeshapata yenyewe lile jiwe bapa ambalo mama yake alifulia. Thobias alifungua mdomo kusema kitu, Pantaleo akamzuia kwa mkono. Lilikuwa jambo la Melania kujibu.

"Asante, mwanangu," akasema mwishowe. "Tumekaribia."

Akaketi kama mgeni, akapokea maji kama mgeni, akatoa kitenge chake kama mgeni. Nyumba ya Ghati ilikuwa imejengwa palepale ilipokuwa nyumba ya baba yake; alijua kwa jinsi ardhi ilivyoinama kuelekea majini. Hakusema. Usoni hakuonyesha kitu, lakini Pantaleo, ambaye kwa miaka alikuwa amejifunza kusoma nyuso kuliko kusikia, alisogea akakaa karibu naye.

Wakati wa kula sato, mume wa Ghati alilalamika. Alisema ghuba ina samaki lakini ina shetani pia. Kuna mahali wameshachaniwa nyavu nne, na kila wakipapasa na upondo hawapaoni; wanafikiri kuna mnyama.

Melania aliweka tonge chini. "Si mnyama," akasema. "Ni Mama Mkwe."

Wote wakamtazama.

"Ni mwamba uko chini ya maji. Watu wa hapa waliuita Mama Mkwe kwa sababu ukijua ulipo unapita mbali." Akainuka, akatoka nje, nao wakamfuata. "Simama hapa. Unaliona lile jabali lililopakwa nyeupe na ndege? Ukiwa kwenye mtumbwi, jabali lile likigusana na ncha ya kile kisiwa, uko juu yake. Ukitega, tega jabali likiwa limeachana na kisiwa kwa upana wa ngumi."

"Wewe umejuaje?" Ghati akauliza.

Ndipo Melania akasema. Alianza kwa jina la baba yake, akaonyesha nyumba zilizokuwepo moja moja kwa kidole, hii ya fulani, ile ya fulani, mpaka kwenye kichaka. Alipofika mahali aliposimama Ghati, alisita. Ghati aliitazama nyumba yake, akamtazama mgeni, akaelewa, akaanza kusema wako tayari kuhama.

"Kaa," Melania akamwambia. "Nani angeliondoa kichaka hapa kama si wewe?"

Wanaume walikwenda asubuhi wakiwa na upondo mrefu. Walirudi wanacheka kama watu walioponea chupuchupu: mwamba ulikuwa palepale, na vipande vya nyavu zao vilikuwa bado vimenasa.

Pantaleo na Melania walimaliza siku zao huko, wakarudi mgodini siku moja kabla ya livu kwisha. Ngassa alikuja kuwapokea, akauliza wamepata nini. Pantaleo akamkatia kipande cha samaki mkavu, kamongo.

Alimwomba Theonest amwandikie barua ya kuhamishwa kutoka kinuni. Barua ya kwanza haikujibiwa, wala ya pili. Ya tatu ilimpeleka kwenye uwanja wa mbao za kuimarishia mashimo, ambako kelele ilikuwa ya misumeno tu. Masikio hayakupona, lakini hayakuendelea kufa. Kila mwaka baada ya mavuno walianza kupanga tena: siku ngapi kwa Serafina, siku ngapi Nyakasenyi. Mwaka 1954 walikwenda. Mwaka 1955 Justa aliugua, hawakwenda, lakini walipanga vilevile, kwa kuwa walikuwa wamegundua kwamba hata kupanga kunawapumzisha kidogo.

Mwaka 1957 Pantaleo aliacha kazi. Kaka zake walituma ujumbe kwamba sehemu yake ya ng'ombe inamsubiri Shinyanga. Alikwenda kuwashukuru, akarudi na ng'ombe wawili wa maziwa, akawapitisha taratibu mpaka Nyakasenyi, ambako mwanangwa, mkuu wa kijiji, alikuwa amewapa kiwanja pembeni, juu kidogo ya wengine. Wakati huo nyumba zilikuwa zimefika arobaini, karibu zote za watu waliotoka kwingine. Jioni mitumbwi ilipita mbali na Mama Mkwe, na wengi waliolitaja jina hilo hawakujua lilitoka kwa nani. Melania mwenyewe walimwita Mama Justa wa Mgodini. Aliitika kila walipomwita.